Mashine Nyingine Yenye Anwani Yetu

21 Februari

Baridi bado imekaza meno. Nimeanza kuandika kwa sababu Lyle amesema neno ambalo nataka liwe na tarehe yake, asije akalikana. Kaka yangu husahau maneno yake mwenyewe haraka kuliko ya wenzake.

Tulikuwa banda la shira tukiosha sinia la kuchemshia utomvu mtamu wa miti mpaka uwe mzito. Ile laptopu ya kuonyesha mistari iko kwenye rafu yake karibu na mlango. Kila mstari wa mipira unaoleta utomvu kutoka msituni una namba yake kwenye kioo: namba ikiwa juu, pampu inavuta vizuri, ikishuka, kuna tundu mahali. Leo imechukua nusu asubuhi kuamka. Diski inagonga ndani, inanyamaza, inagonga tena. Lyle aliitazama mpaka nikadhani anaiombea.

"Verna," akasema, "hii ikifa, mimi sitembei tena."

"Kutembea wapi?"

"Huko juu kutafuta matundu. Magoti yamekwisha, dada'ngu. Ikinionyesha kindi ametafuna mstari gani, naenda palepale, naziba, narudi. Isiponionyesha, nampa Thurber akodi msitu. Huu utakuwa msimu wetu wa mwisho."

Alden Thurber ni jirani yetu wa upande wa pili wa mlima. Ana mepo, hii miti ya utomvu, nyingi kuliko anavyoweza kuzihesabu, na bado anazitazama zetu kama paka anavyotazama samaki wa jirani. Miti hii aliitoboa babu, enzi za ndoo na farasi, kisha baba, kisha sisi. Nilizaliwa nyumba hii, nikaolewa nikatoka, nikafiwa nikarudi. Msitu ukienda kwa Thurber, nitabaki dirishani nikitazama watu wake wakipita na mipira yao mabegani. Sitaki. Nimeliandika hapa kwa wino: sitaki.

23 Februari

Laptopu imeamka baada ya kupigwa kofi. Lyle anasema hiyo si dawa.

25 Februari

Nilidhani dawa ni kununua mpya. Kumbe hapana. Kampuni iliyotengeneza ile programu ya mistari ilikufa zamani, na programu yenyewe haipatikani tena popote. Iko ndani ya diski ile inayogonga, basi. Kwa hiyo lazima diski mpya iwekwe, na kila kilichomo kwenye ya zamani kihamishwe kama kilivyo, bila kuachwa hata unyoya.

Na wa kufanya hivyo hapa mjini ni mmoja tu, Dwight Pelkey, mwenye meza ya kompyuta nyuma ya duka la vifaa vya shamba. Fundi mzuri, kila mtu anasema. Wanachosahau kusema ni kwamba mama yake ni dada wa Alden Thurber. Wahenga walisema mchawi mpe mwana akulelee, lakini sidhani kama walikuwa na laptopu.

Ramani ya msitu wetu wote imo humo. Kila mti mkubwa, kila mstari, kila korongo, utomvu wa kila mwaka umetoka wapi zaidi. Mtu anayetaka kukodi msitu angependa sana kuiona kabla hajataja bei.

"Nitampelekea dukani kesho," Lyle akasema.

"Hapelekewi kitu. Atakuja hapa, afanye jikoni kwangu, mbele ya macho yangu."

"Utamtia mtu jasho."

"Atoke jasho. Kuna taulo."

1 Machi

Dwight amekuja. Ni mtu mkubwa mwenye ndevu, anaongea polepole kama anayelipia maneno. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, soksi moja ina tundu. Nilimketisha mezani nikakaa mbele yake na kikapu changu cha kufuma, ingawa sikufuma hata tanzi moja.

Akatoa diski mpya, nyembamba kama biskuti. Ndani yake hakuna kinachozunguka, kwa hiyo hakuna kitakachogonga. Akaiunganisha kwa waya pembeni mwa laptopu, kioo kikaonyesha visanduku viwili na mshale katikati.

"Hapa ndipo watu hulia," akasema. "Ukigeuza huu mshale, unahamishia utupu juu ya mali. Hebu nisomee, dada Verna. Inatoka wapi, inakwenda wapi?"

"Kutoka ya zamani kwenda mpya."

"Haya. Wewe ni shahidi." Akabonyeza.

Mstari wa kijani ukaanza kutambaa, mwendo wa konokono. Nikamuuliza anahamisha nini hasa. "Kila kitu," akasema. "Mfumo, programu, ramani, namba zenu, hadi picha ya huyo mbwa." Yule mbwa ni Biscuit, alikufa miaka mingi iliyopita, lakini Lyle hajawahi kumtoa kwenye kioo.

Nikampa maandazi na achari ya matango. Akala kwa adabu. Nikamuuliza hali ya mjomba wake, akasema mzima. Nikauliza kama huonana mara kwa mara. Akasema, "Jumapili, kwa mama." Halafu akachukua andazi jingine, na mimi nikalitia hilo akilini.

Ilipokwisha akafungua tumbo la laptopu, skrubu mbili tu, akatoa diski ya zamani akaingiza mpya. Niliangalia kila kidole. Kisha akanikabidhi ile ya zamani ndani ya kimfuko.

"Iweke kabatini, ni ya akiba. Lakini usiichomeke popote, hasa humu ndani, mpaka msimu uishe."

"Kwa nini?"

"Italeta fujo." Akaanza kuvaa koti. Lyle alikuwa anamwita nje kutazama pampu, wakatoka pamoja, na sikuambiwa fujo gani.

Mtu akikwambia usifungue kabati, ujue kuna kitu kabatini. Diski nimeifunga kwenye soksi, nimeitia kwenye sanduku langu la cherehani.

2 Machi

Laptopu sasa inaamka kabla sijamaliza kuvua glavu. Lyle anacheka kama aliyepewa farasi mpya. Mimi najiuliza kitu kinachotii haraka hivyo kinamtii nani mwingine.

4 Machi

Mkutano wa mji. Tumebishana asubuhi nzima juu ya kokoto za barabara, kama kila mwaka, na kama kila mwaka tumepiga kura tukaenda kula pai. Thurber akanikuta mezani.

"Verna! Nasikia mashine yenu siku hizi inakimbia."

"Umesikia kwa nani?"

"Ah, mji wenyewe huu, mtu akipiga chafya tunajua." Akajikatia pai ya tufaha. "Mwambie Lyle asijiue na ule mlima. Mlango wangu uko wazi."

Nyuma yake alisimama Dwight na sahani yake. Macho yetu yalipokutana akatazama viatu. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nimemwambia Lyle kwenye gari, akasema Dwight hutazama viatu hata akisalimiwa na mchungaji.

6 Machi

Utomvu umeanza, kidogo kidogo. Tumechemsha kwa mara ya kwanza. Shira nyepesi, rangi ya nyasi kavu. Niliimwaga juu ya theluji, Lyle akala kwa vidole.

8 Machi

Nimeichomeka. Haya.

Laptopu ya banda ina pacha wake. Lyle alizinunua mbili siku shule ilipouza vyombo vyake vya zamani, na ya pili ndiyo hii yangu ya kuandikia matangazo ya kanisa. Skrubu mbili, nilijifunza kwa kutazama. Nikatoa diski yangu, nikaingiza ile ya kwenye soksi, nikawasha. Ikagonga, ikanyamaza, ikagonga. Nikanywa chai yote. Kisha nikamwona Biscuit.

Kila kitu kimo. Ramani, mistari, namba za miaka yote. Hata saa ya pembeni iliyokosewa.

Alisema amehamisha. Mtu akihama, nyumba ya zamani hubaki na misumari ukutani. Hii haikuhamwa hata kijiko! Sasa kama iko nzima hapa na iko nzima bandani, nani ataniambia hakuna ya tatu mezani kwa Alden Thurber? Na ndiyo maana akanikataza kuichomeka, nisije nikaona.

Sijamwambia Lyle. Lyle anamwamini kila mtu anayevua viatu mlangoni. Nitaiacha yangu iwake hapa jikoni, nilinganishe na ile ya bandani. Kama Dwight amegeuza kitu, nitakiona.

10 Machi

NIMEWAKAMATA. Nilikuwa peke yangu bandani, Lyle ameenda kuchukua kuni. Kwenye kona ya kioo kikatokea kijidirisha: *Mashine nyingine katika mtandao inatumia anwani hii.* Nikasoma mara ya pili, kidole kikifuata maneno. Mashine nyingine, na wala si kwa kukisia, imeandikwa. Kuna mtu amekaa mahali na nakala yetu, anapokea namba zetu.

Nikakifunga kabla Lyle hajaingia. Si wakati bado. Nikimwambia leo, kesho atamuuliza Dwight kwa ule upole wake, na Dwight atafuta nyayo. Nataka niwashike mkono ukiwa ndani ya mtungi.

12 Machi

Theluji. Hakuna kilichotiririka.

13 Machi

Jikoni, mstari wa tisa uko chini. Bandani, mstari wa tisa uko juu, umetulia kama kondoo. Nimetoka huku nikaenda kule mara kadhaa, nikisingizia vijiko. Sasa nimeelewa mchezo: ile diski mpya imefunzwa kusema uwongo. Inatuambia mambo ni shwari huku utomvu unamwagika, ili msimu uharibike, ili Lyle achoke, ili Thurber apate.

"Lyle, nahisi wa tisa una tundu."

"Unahisi?"

"Nahisi."

Akatazama kioo. "Mashine inasema ishirini na nne. Wewe unahisi ngapi?" Akacheka mpaka akakohoa. Hata hivyo alikwenda, maana ni karibu, akakuta kindi amekula mpira. Aliporudi alinitazama vibaya kidogo, kama mtu aliyeguswa na baridi shingoni. "Mama alikuwa hivyohivyo," akasema. Nilitamani sana kumwambia. Nikatia kuni motoni.

15 Machi

Lyle amezungumza kwa simu nje, kwenye baridi, mgongo umegeukia nyumba. Alipoingia nikauliza ni nani. "Alden. Alitaka kujua utomvu kwetu unaendaje." Tangu lini Alden anajali utomvu wetu? Nimeanza kumtazama hata kaka yangu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kijidirisha kimetokea tena. Nimekifunga tena.

17 Machi

Usiku uliganda, asubuhi jua kali. Ndiyo siku tunayoingoja mwaka mzima. Ng'ambo ya mlima mvuke wa Thurber ulikuwa unapanda tangu mapema, utadhani nyumba inaungua. Kwetu pampu inanguruma, sinia safi, kuni tayari, na tangi linapata matone tu, kama mate ya mbwa.

Lyle alisimama mbele ya laptopu akaigonga kwa ukucha. "Zote ziko juu. Zote! Basi utomvu unakwenda wapi?"

Nikasema nakwenda kuleta siagi ya kutuliza povu. Nikakimbia jikoni. Kwenye kioo changu mstari wa kumi na moja ulikuwa sifuri kabisa. Ule ndio mstari mama, unabeba nusu ya utomvu wetu kutoka ng'ambo ya korongo. Nilirudi na siagi mkononi.

"Lyle, jaribu wa kumi na moja."

"Huo ndio bora kuliko yote. Tazama mwenyewe."

"Jaribu tu."

"Verna, niteremke korongo na kulipanda kwa magoti haya kwa sababu umehisi?"

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: twende jikoni ukaone. Sikuyasema. Nilifikiri, nikifungua leo, Dwight atajua nina diski yake inawaka, na mashine ya Thurber itazimwa, na sitakuwa na ushahidi wowote ila maneno ya mwanamke anayehisi. Nilitaka kuwashika wote kwa pamoja. Nikatia siagi kwenye povu, Lyle akavaa viatu vya theluji.

Alianza na mstari wa kwanza, mti kwa mti. Niliona kofia yake nyekundu ikipanda, ikipotea, ikitokea. Alirudi jioni akishika miti kama mlevi.

18 Machi

Siku nyingine ya jua, utomvu mwingine umelowesha theluji. Ametembea tena. Hakufika korongo. Jioni hakuweza kuinama kufungua viatu vyake, nimemfungulia mimi. Magoti yamevimba kama mikate. Hakulalamika hata kidogo, na nilitamani alalamike.

19 Machi

"Nimempigia Alden," amesema akiwa kwenye uji. "Anakuja Jumamosi na karatasi."

Nikaweka kijiko chini. Nikasema hapana, bado, subiri. Akasema ameshasubiri. "Nilikwambia mapema. Mashine ikinidanganya, basi. Diski mpya, pesa mpya, na bado inaniambia kila kitu kizuri."

"Na kama si mashine? Kama ni watu?"

"Watu gani, Verna? Kindi?"

Mpaka Jumamosi lazima niwe na ushahidi. Yangu haizimwi hata kidogo sasa.

20 Machi

Naandika polepole, nisije nikaruka neno.

Mchana gari la Dwight likaingia uani. Lyle alikuwa amelala na barafu magotini. Nikamfuata fundi mpaka bandani, nikiwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda mahakamani.

"Nani amekuita?"

"Hakuna. Mjomba kaniambia mashine niliyoitengeneza imewaangusha, na Lyle anatoa msitu." Akavua kofia. "Nimeona aibu, dada Verna. Sikulala vizuri. Hebu niione."

"Mjomba wako angefurahi, si ndiyo?"

"Yeye, ndiyo. Mimi nimekuja kuiona mashine."

Akakaa mbele yake. Hakuchukua muda. Kijidirisha kilitokea, na badala ya kukifunga kama mimi, akakisoma kwa sauti. Mashine nyingine katika mtandao inatumia anwani hii.

Nikasema, "Enhe! Sasa niambie iko kwa nani. Sema tu, iko kwa Alden."

Akanigeukia. Hakuelewa kwanza, nikaona anavyoelewa. "Kwa mjomba? Haiwezi kuvuka mlima, dada. Mtandao huu unaishia uani kwenu. Hiyo mashine nyingine iko humu humu, bandani au nyumbani." Akakuna ndevu. "Ile diski ya zamani iko wapi?"

Alitazama dirisha la jikoni kwangu, na mimi nikalitazama.

Aliniambia bila kunisuta, na hilo ndilo lililoniua. Kila kipimo kule msituni hutuma namba yake kwenye anwani moja, ya laptopu ya banda. Diski ya zamani ina anwani ileile kwa sababu ni nakala ileile. Nilipoiwasha jikoni, ikawa nyumba mbili zenye anwani moja, na tarishi anagawa barua anavyobahatisha. Namba nyingine zikaenda bandani, nyingine jikoni. Ambayo haikufika bandani, kioo kilibaki kinaonyesha ya zamani, nzuri, juu, imetulia kama kondoo.

"Lakini ulisema umehamisha!" nikapiga kelele. "Umehamisha! Nikaikuta imejaa!"

"Nilinakili. Watu nikiwaambia nimenakili wanaogopa, wanauliza nakala ngapi. Nikisema nimehamisha wanatulia." Akatazama viatu vyake. "Ilinipasa nikuambie fujo gani. Hilo ni kosa langu. Lyle aliniita, nikasahau."

Nikamwomba asimwambie Lyle. Nimeandika, nilimwomba.

"Simwambii," akasema. "Mimi natengeneza kompyuta. Hili si la kompyuta. Ila ukiitoa tu ile diski ukanyamaza, mashine itapona, na Jumamosi ataweka sahihi akidhani ni mbovu."

Akaenda zake. Hakudai hata maandazi.

21 Machi

Nilizunguka nyumba tangu alfajiri nikipanga vitu vilivyokwisha pangwa. Kama ningenyamaza, Lyle asingejua kamwe, na msitu ungekwenda. Kama ningesema, msitu ungebaki, na yeye angenijua. Niliuchukia sana uchaguzi huu. Nikachukua laptopu yangu, inayogonga vilevile, nikaiweka juu ya blanketi lake.

"Nini hii?"

"Biscuit," nikasema, kwa sababu ndiye alikuwa kwenye kioo. Halafu nikasema yote. Soksi, skrubu, kijidirisha nilichokuwa nafunga, wa tisa, wa kumi na moja. Nilipofika siku ya siagi, alinyanyua mkono ninyamaze.

Akaitazama picha ya mbwa wake. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya kuagiza kuni, "Nimetembea siku mbili natafuta tundu. Tundu lilikuwa jikoni."

"Lyle—"

"Ulijua ni wa kumi na moja. Ulinitazama navaa viatu."

"Nilijua."

Nilitaka anitukane. Akaisukuma laptopu. "Itoe hiyo diski. Halafu vaa. Mimi siwezi, wewe una magoti."

Maisha yangu yote mimi ni wa sinia. Mlima ni wa Lyle. Nilizama kwenye theluji mpaka mapajani. Korongoni nilikuta tawi limeanguka juu ya mstari mama, mpira umekatika, na theluji yote chini yake imeyeyuka ikawa barafu tamu. Paa alikuwa ameilamba. Nikakata, nikaunga, nikakaza kwa meno, nikasikia pampu inavuta, ule mlio wa mtu anayemalizia supu. Nililia pale, sioni aibu kuandika.

Niliporudi bandani kioo kilionyesha kumi na moja ikipanda.

22 Machi

Thurber amekuja na bahasha chini ya kwapa. Tulimkaribisha kahawa.

"Alden, utanisamehe," Lyle akasema. "Nimebadili nia. Mashine ilikuwa nzima."

"Sasa shida ilikuwa nini?"

Lyle akanitazama kidogo. "Panya jikoni."

"Ah, hao hula nyaya."

"Huyu wetu alikula siku mbili za utomvu."

Thurber akacheka sana. Nilipomsindikiza mlangoni nilimuuliza ni nani hasa aliyemwambia, siku ya mkutano, kwamba mashine yetu inakimbia. "Lyle mwenyewe," akasema. "Tulikutana kituo cha mafuta, alikuwa anajisifu mpaka nikaona wivu."

Alipoondoka nilingoja Lyle acheke nami juu ya panya. Akaenda kulala.

29 Machi

Utomvu mzuri wiki nzima. Shira inaanza kuwa nyeusi. Lyle ananiambia "kuni" na "moto" na "asante", basi.

3 Aprili

Nilimpelekea Dwight makopo ya shira dukani. Alisema si lazima. Nikasema najua. Tulisimama pale wote wawili tukitazama viatu vyake.

11 Aprili

Vyura wameanza kuimba bondeni. Siku mbili tatu mepo zitachipua, utomvu utakuwa mchungu, tutazima moto. Lyle anasema ni msimu mzuri kuliko tulivyostahili. Mwaka ujao tupo.

Asubuhi niliingia bandani mbele yake, nikafungua laptopu nitazame mistari. Picha ya Biscuit haikutokea. Kulikuwa na kisanduku cheupe kinachotaka neno la siri. Tangu mashine hii ije kwetu haijawahi kuwa na neno la siri.

Lyle akaingia na kuni.

"Imefungwa," nikasema.

"Dwight kaiweka jana. Nilimwomba."

"Niambie basi hilo neno."

Akapanga kuni motoni, moja moja, akafunga mlango wa tanuri. "Ukitaka kujua mstari, niulize."

"Mimi ni dada yako, Lyle."

"Najua. Ndiyo maana nimesema uniulize. Sikusema uondoke."

Akasimama mbele ya kioo, mgongo wake mpana umekiziba chote, akaandika. Nilisikia vidole. Imeniuma kuliko nilivyodhani kitu kidogo hivi kinaweza kuuma, lakini sikumlaumu, maana kama angekuwa mtu mwingine aliyefanya nilichofanya, ningemwekea kufuli mbili.

"Wa tisa?" nikauliza.

"Ishirini na tano."

Kutoka nilipokuwa sikuona kitu. Nikarudi kwenye sinia langu, nikachemsha kama mtu aliyeambiwa ishirini na tano, akaamini.